Dada Yangu Ana Ajira, Mama Yangu Hana: Takwimu Zinavyomhesabu Mwanamke

(Haya ni maneno niliyoyasema kwenye semina ya vijana wa jumuiya yetu hapa Mbeya. Wengi mliomba niyaweke kwa maandishi. Nimenyoosha sentensi chache tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.)

 

Nimepewa mada ndefu kidogo: kiwango cha ajira ya wanawake kama kipimo cha hali ya soko la ajira. Nikiisoma hivyo najua nusu yenu mtatoa simu. Kwa hiyo naomba nianze na watu wawili ninaowafahamu vizuri, halafu mtaona takwimu zinaingiaje.

Mtu wa kwanza ni dada yangu. Yuko Dar es Salaam, ana shahada ya masoko. Alimaliza chuo, akazunguka na bahasha karibu miaka miwili, mwishowe akapata kazi kwenye kampuni moja. Jina lake silitaji. Kipindi cha majaribio kilikuwa miezi sita. Mwezi wa nne akagundua ni mjamzito, na kwa sababu ni mtu mkweli akaenda kumwambia bosi wake mapema ili wajipange. Mwezi wa tano akapewa barua ya mistari mitatu: utendaji wako haujaridhisha, tunakutakia kila la heri.

Leo dada yangu anauza nguo za watoto za mtumba kupitia WhatsApp. Anaamka saa kumi usiku, anaenda kuchagua mzigo, anapiga picha, anaweka status. Wiki nyingine anauza vizuri, wiki nyingine anauza pea mbili tu, na faida inaishia kwenye bando na bodaboda wa kupeleka mzigo.

Mtu wa pili ni mama yangu, yuko Rungwe. Ana shamba la ndizi, viazi na maharage. Nyumba inakula kutoka kwenye lile shamba. Pakiwa na shida ya chumvi au daftari la mjukuu, mkungu mmoja unashushwa Tukuyu unauzwa. Asubuhi analima, mchana anateka maji, jioni anapika, na katikati ya hayo anamuuguza bibi ambaye hawezi tena kutembea. Sijawahi kumwona mama yangu amekaa kabla jua halijazama.

Sasa swali langu kwenu. Akija mdadisi wa takwimu na daftari lake, nani kati ya hawa wawili ana ajira?

(Hapa wengi walijibu "wote", na kaka mmoja nyuma akasema "hakuna hata mmoja".)

Jibu kwa viwango vya kimataifa ni hili: dada yangu ana ajira, mama yangu hana.

Msinizomee mimi, nawaeleza. Shirika la Kazi Duniani, ILO, huitisha mkutano wa wanatakwimu wa kazi. Mkutano wa 19 ulifanyika Geneva mwaka 2013 ukabadilisha tafsiri. Ulisema kwamba kazi ni kitu kipana, na ajira ni sehemu moja tu ya kazi. Ajira ni ile kazi unayoifanya ili ulipwe au upate faida. Ukifanya kazi hiyo japo saa moja tu ndani ya wiki inayoulizwa, umeajiriwa. Kwa hiyo dada yangu akiuza pea mbili za soksi, yumo. Lakini anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani, hata kama ziada kidogo inauzwa, huyo anafanya kazi ya matumizi yake mwenyewe. Kuteka maji, kuokota kuni, kupika na kuuguza mgonjwa vyote viko kwenye kundi hilo. Vinatambuliwa kuwa ni kazi, ila ajira si ajira.

Na sitaki kuwaficha: mabadiliko yale yalikuwa na nia nzuri. Kabla ya hapo kazi za nyumbani hazikuhesabiwa kama kazi kabisa, na mkulima wa kujilisha alikuwa anatumbukizwa kwenye kapu moja na mwenye mshahara, nchi inaonekana karibu kila mtu ana ajira. Wanatakwimu walitaka kutenganisha vitu. Shida inakuja pale wanasiasa wanapochukua tarakimu moja kutoka kwenye kapu moja wakaiimba jukwaani bila kusema wameitoa kapu gani.

Kwa hiyo leo nataka tutoke hapa tukiwa na uwezo wa kuuliza swali hilo: tarakimu hii umeitoa wapi, na ndani yake kuna nani?

Tuanze na hesabu ndogo. Chukueni mtaa mmoja wenye wanawake 100 wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Wanawake 70 wana ajira. Wanawake 8 hawana, wanatafuta. Wanawake 22 hawana na hawatafuti: wengine wanasoma, wengine wana watoto wachanga, wengine ni wazee, wengine wamechoka.

Kiwango cha ajira ni 70 juu ya 100, yaani asilimia 70. Nguvu kazi ni wale 70 ukijumlisha wale 8, yaani 78. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 8 juu ya 78, asilimia 10 na kidogo. Tuko pamoja?

Sasa mwaka unapita. Katika wale 8 waliokuwa wanatafuta, watano wamekata tamaa. Wamechoka kuandika barua, hawana nauli ya kwenda usaili, wamerudi nyumbani. Hakuna hata mwanamke mmoja mtaani aliyepata kazi. Ila angalieni hesabu: wanaotafuta wamebaki 3, nguvu kazi imebaki 73. Tatu juu ya 73 ni asilimia 4 na kidogo. Waziri anasimama: ukosefu wa ajira kwa wanawake umeshuka kwa zaidi ya nusu! Na kihesabu hajasema uongo. Wanawake watano wamekata tamaa, na tamaa yao iliyokatika imeandikwa kama mafanikio.

Ndiyo maana wachumi wengi wanapenda kuangalia kiwango cha ajira chenyewe, wale 70 juu ya 100. Hicho hakidanganywi na mtu kukata tamaa. Ilikuwa 70, imebaki 70, basi hakuna kilichobadilika. Ukitaka kujua kama soko la ajira limefunguka kwa wanawake, hicho ndicho kipimo cha kuanzia.

Nimesema cha kuanzia. Tusiishie hapo, kwa sababu nacho kina mtego wake, na kwetu sisi Watanzania mtego huo ni mkubwa.

Kwa makadirio ya ILO, ushiriki wa wanawake wa Tanzania kwenye nguvu kazi ni mkubwa kuliko wa wanawake wa Ufaransa au Uingereza. Si kwa pointi moja au mbili, ni kwa tofauti kubwa. Kwenye orodha ya dunia tuko juu pamoja na nchi kama Burundi na Madagaska. Sasa jamani, kuna mtu hapa anaamini kwamba mwanamke wa Burundi au wa Chunya ana soko zuri la ajira kuliko mwanamke wa Paris? Hakuna.

Maana yake ni kwamba kwenye nchi maskini, kukosa kazi ni anasa. Mwanamke wa Ulaya akikosa kazi ana posho ya serikali ya kumshikilia wakati anatafuta. Huku kwetu ukikosa kazi Jumatatu, Jumanne uko barabarani na beseni la ndizi, kwa sababu mtoto hasubiri. Kwa hiyo tarakimu kubwa inaweza kumaanisha nafasi nyingi, na inaweza pia kumaanisha hakuna njia nyingine ya kuishi.

Kuna mwanamama anaitwa Claudia Goldin, profesa wa Harvard, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata peke yake bila kugawana na mtu. Alichimba kumbukumbu za Marekani za miaka 200 akakuta kwamba ajira ya wanawake haikupanda tu moja kwa moja kadiri nchi ilivyotajirika. Ilianza ikiwa juu wakati wa kilimo, ikashuka wakati wa viwanda, halafu ikapanda tena huduma na ofisi zilipokuja. Mchoro wake unafanana na herufi U. Na alikuta kitu kingine ambacho mama yangu angekielewa bila kwenda Harvard: kwenye kumbukumbu za zamani, wanawake walioolewa waliandikwa kazi yao ni "mke". Basi. Alikuwa anafanya kazi shambani au kwenye biashara ya familia kutwa nzima, karani anaandika "mke".

Kwa hiyo ukiona Tanzania iko juu, jiulize tuko juu upande gani wa hiyo herufi U. Upande wa kushoto wa jembe la mkono, au upande wa kulia wa ofisi, huduma na mishahara?

Turudi nyumbani. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, imefanya utafiti mkubwa wa nguvu kazi mwaka 1990/91, 2000/01, 2006, 2014 na 2020/21. Ule wa mwaka 2014, kwa tafsiri yetu ya kitaifa, ulikuta ukosefu wa ajira ni asilimia 10.3. Ukigawa kwa jinsia, wanaume asilimia 8.2, wanawake asilimia 12.3. Tafsiri ya kitaifa ni pana kuliko ile ya kimataifa: inamhesabu pia aliye tayari kufanya kazi lakini hakuwa anazunguka kutafuta, na yule ambaye kibarua chake hakina uhakika. Ukitumia tafsiri finyu ya kimataifa, tarakimu inashuka sana. Kwa hiyo mtu akikurushia namba mtandaoni, hata kama anatoka kwenye chama chetu, muulize kwanza: tafsiri ipi? Sisi tukianza kuchanganya tafsiri ili tupate namba inayotufurahisha, tunakuwa kama wale tunaowakosoa.

Na angalieni miaka. Kutoka 2006 hadi 2014 ni miaka minane. Msichana aliyekuwa darasa la saba 2006 alishamaliza kidato cha sita, akaolewa, ana mtoto, ndipo nchi inakuja kumuuliza tena una kazi? Afrika Kusini wanatoa utafiti wa nguvu kazi kila robo mwaka tangu 2008. Kila miezi mitatu serikali yao inasimama kujibu. Namba zao mara nyingi ni mbaya, ila zipo mezani.

Hapa niwakumbushe kitu, maana mimi ni mwanafunzi wa sheria na siwezi kujizuia. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa ikafanywa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Yaani mimi ningezunguka mtaa wangu, nikahesabu wanawake wasio na kazi, nikaandika kwenye blogu hii namba tofauti na ya serikali, ningeweza kushtakiwa. Kelele zilipigwa ndani na nje ya nchi, Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Lakini somo libaki. Hakuna anayetunga sheria ya kulinda namba zisizo na maana. Namba zina nguvu, ndiyo maana ziliwekewa walinzi.

Sasa nirudi kwa dada yangu, kwa sababu ndiye aliyenifanya nikubali mada hii.

Kabla hajafukuzwa, kwenye kiwango cha ajira alikuwa anahesabiwa moja. Baada ya kufukuzwa akaanza soksi na nguo za watoto, anahesabiwa moja. Kwa kipimo hicho, hakuna kilichotokea kwenye maisha ya dada yangu. Alikuwa na mkataba, NSSF, bima na likizo. Vyote vimeondoka, na kipimo hakijatikisika hata kidogo.

Na sheria ilikuwepo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya jinsia, ndoa au ujauzito. Inamlinda hata anayeomba kazi. Kifungu cha 33 kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya kupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Katiba yenyewe, ibara ya 22, inasema kila mtu ana haki ya kufanya kazi, na ya 23 inazungumzia ujira wa haki bila ubaguzi. Mwaka 2002 nchi yetu iliridhia mikataba ya ILO namba 100 na namba 111, ule wa ujira sawa na ule wa kupinga ubaguzi kazini. Kwenye karatasi tumekamilika.

Sasa tazameni ilivyompata. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, kifungu cha 35, haimgusi mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo. Yeye alikuwa na mitano. Mlango huo ukafungwa. Mlango wa ubaguzi ulikuwa wazi, maana kifungu cha 7 hakina masharti ya miezi sita. Lakini malalamiko ya aina hiyo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Siku 60, na yeye ni mjamzito, hana kipato, anatapika kila asubuhi, anahama chumba kwa sababu kodi imemshinda. Mimi nilikuwa sijaanza hata mwaka wa kwanza. Hakuna mtu nyumbani aliyejua CMA ni nini. Tulipokuja kujua, mtoto ana miezi sita, anakaa mwenyewe. Unaweza kuomba uongezewe muda kama una sababu za msingi, lakini alishanyoosha mikono. Akaniambia, "Mdogo wangu, niache nilee mwanangu."

Sikuja hapa kuomba huruma kwa ajili yake, angenikasirikia. Nimeleta habari yake muone kwamba kati ya sheria nzuri na tarakimu nzuri kuna mwanamke anaweza kudondoka katikati na hakuna kengele inayolia.

Na mama yangu je? Mama naye ana kesi yake kwenye vitabu vya sheria, ingawa si yeye. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Kila mwanafunzi wa sheria Tanzania anaijua. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Ndoa ilipovunjika akadai sehemu ya mali. Swali likawa: kupika, kufua, kulea, kutunza nyumba, je huo ni mchango katika kuchuma mali, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971? Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema ndiyo. Kazi za nyumbani ni juhudi na ni mchango.

Ulikuwa uamuzi mkubwa, na wanawake wengi wamepata haki kupitia huo. Lakini darasani mara nyingi tunapita haraka mwisho wa kesi. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba. Mahakama iliona kwamba mumewe aliwahi kumpa fedha za mradi wa familia na yeye akazitapanya, kwa hiyo haki yake ikawa imeishia pale. Kazi yake ikatambuliwa, yeye akaondoka mikono mitupu.

Mimi naona takwimu zetu ziko hapo hapo. Tangu 2013 dunia imekubali kwamba mama yangu anafanya kazi. NBS nao, kwenye tafiti za 2006 na 2014, waliuliza watu wanavyotumia saa zao kwa siku, na kila anayefungua ripoti hizo anaona wanawake wanabeba sehemu kubwa ya kazi zisizolipwa. Imetambuliwa. Halafu? Tukienda kwenye bajeti, bomba la maji linalopunguza saa mbili za kuteka maji linaandikwa kwenye maji tu. Hakuna anayeliandika kwenye ajira. Kituo cha kulelea watoto sokoni hakiandikwi popote. Wakati mwanamke hawezi kutafuta kazi ya mshahara kwa sababu saa zake zimeshaliwa kabla hajatoka nje ya geti.

Najua kuna kaka hapa ananiangalia anasema: dada, mbona hata sisi hatuna ajira? Tunaendesha bodaboda tuna digrii. Ni kweli kabisa, na sijaja kushindanisha shida. Lakini fikiria hivi, kaka yangu. Hali ya wanawake kwenye ajira ni kama kipimajoto cha soko zima. Waajiri wakibana, wanaoguswa wa kwanza ni wenye mimba, wenye watoto wadogo, wasio na mtu wa kuwasemea. Leo mwajiri anamfukuza dada kwenye majaribio na hakuna kitu kinachomfanya, kesho atakuajiri wewe kwa majaribio ya miezi mitano na nusu, akuachishe, achukue mwingine. Mlango uliomtoa dada yangu unakutosha na wewe.

Basi tufanye nini? Nitakuwa mfupi.

Kwanza, kila tukisikia tarakimu ya ajira ya wanawake, tuulize maswali manne. Moja, tafsiri ipi? Mbili, saa ngapi kwa wiki? Tatu, ameajiriwa kwa hadhi gani: wa mshahara, aliyejiajiri, au msaidizi wa familia asiyelipwa? Nne, anapata kiasi gani? Kumbukeni kwamba kwenye amri ya mishahara ya 2022, mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida aliwekewa kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Huyo naye ni "moja" kwenye kiwango cha ajira, sawasawa na meneja wa benki.

Pili, tudai utafiti wa nguvu kazi wa mara kwa mara, uliogawanywa kwa jinsia, umri na mkoa. Namba moja ya taifa haimsaidii msichana wa Mbarali.

Tatu, halmashauri. Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani itolewe kama mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa baada ya CAG kuibua madudu, ikaja kurejeshwa. Kila tawi hapa lina madiwani, wetu au wa wenzetu. Nendeni mkaombe orodha ya vikundi. Muone ni vikundi vya kweli au ni majina ya shemeji za watu. Hiyo haihitaji digrii ya takwimu.

Nne, hili dogo tunaliweza wiki hii. Kila tawi liwe na mtu mmoja anayejua CMA iko wapi na siku ni ngapi: 30 kwa kuachishwa kazi, 60 kwa migogoro mingine. Andikeni kwenye karatasi, bandikeni ofisini, wekeni kwenye status. Mimi na wenzangu wawili wa sheria tutakuwa tunapokea maswali kila Jumamosi mchana hapa hapa ofisini, bure.

Na tano, tujipime na sisi. Asubuhi nilipofika nimekuta dada wanne jikoni wanapika chai na maandazi ya semina hii. Semina ya ajira ya wanawake! Wamekosa saa nzima ya kwanza. Wakati huo kaka zangu mlikuwa mnapanga viti vilivyokuwa vimeshapangwa. (Walicheka, ila wengine waliangalia chini.) Hao dada tungewahesabu wapi: washiriki au wapishi? Chama kinachotaka kuongoza nchi kianze na jikoni lake.

Nimalizie na Iceland. Tarehe 24 Oktoba 1975, karibu asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile waligoma siku moja, kazi za ofisini na za nyumbani. Kina baba wakaenda kazini na watoto. Siku moja tu nchi ikajua ni nani alikuwa anaibeba. Mwaka uliofuata wakapata sheria ya usawa, na mwaka 1980 wakamchagua mwanamke, Vigdís Finnbogadóttir, kuwa rais.

Siwaambii mama zetu wagome. Mama yangu akigoma siku moja, bibi hali. Ndiyo maana ni sisi tunaopaswa kusema kwa niaba yake, kwa namba, kwa sheria na kwa kura.

Jana usiku nilimpigia nikamwambia nakuja kuwazungumzia yeye na dada. Nikamuuliza, mama, wakija watu wa takwimu wakakuuliza unafanya kazi gani utasemaje? Akacheka. Akasema, "Mwanangu, waambie waje saa kumi na moja asubuhi. Wakichelewa watanikuta nimeshaenda shamba."